Kona ya Chini, Mkono wa Kulia

Mtu mwingine akiona bango husoma maneno. Mimi naangalia kwanza kona ya chini, mkono wa kulia. Huko ndiko fundi huandika jina lake na namba ya simu, herufi ndogo ndogo, baada ya kazi yote kuisha. Nikikuta kona haina kitu najua aliyeandika alikuwa bado anajifunza, au aliona aibu. Mimi sikuwahi kuona aibu. Kuna wakati ungetembea kutoka Langas mpaka katikati ya Eldoret na jina langu likusindikize njia yote: butcheri, posho mill, kinyozi, kanisa, duka la dawa za mifugo.

Hii ni habari ya mwaka mmoja wa kuandika kwa blogi, na ya kona moja iliyoko mtaa wa Pioneer. Nitasema vile ilivyokuwa. Nilitoka shule darasa la nne, kwa hivyo usitafute hapa Kiswahili cha redio. Lakini kile ninachojua, nakijua.

Nilikuja mji huu nikiwa kijana, kutoka upande wa magharibi, na shati mbili ambazo mama yangu alinishonea kwa mkono. Nilibebea fundi mmoja mikebe na ngazi miaka sita. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa naosha brashi. Wa pili nilishika uzi wa chaki, ule unavutwa na kuachiliwa ukutani upate mstari wa kuandikia. Wa tatu nikajaza rangi ndani ya herufi alizochora yeye. Kufika mwaka wa tano naandika bango zima peke yangu, yeye ameketi kivulini, na nikimaliza anainuka, anachukua ile brashi nyembamba mkononi mwangu, anaweka jina lake kwenye kona. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: mwenye kibanda ndiye mwenye kona. Sikulia. Nilingoja mpaka nikapata kibanda changu, na siku ya kwanza niliandika jina langu kubwa hivi kwamba mwenye duka aliniuliza kama ni mimi nauza sukari.

Kwa hicho kibanda nilijenga nyumba na nikalea watoto. Hakuna aliyenishika mkono.

Halafu zikaja banner. Mtu anaenda kwa wale wa mashine ya kuchapisha na jina la biashara yake kwa simu, anangoja akinywa soda, anapewa plastiki yenye picha za keki. Zinang'aa, sikatai. Lakini hazina kona. Na zile kuta zangu za zamani, moja moja, kampuni zikawa zinakuja na rangi zao kufunika. Simba wangu wa butcheri alifunikwa asubuhi moja, na mimi napita hapo nikienda kununua kabichi.

Jumapili, tukitoka kwaya, nilikuwa namlilia jirani yetu. Ni mwalimu mstaafu, mama kutoka upande wa kati, ana duka la vitabu na kuchaji simu mtaani kwetu. Hana subira na mtu.

"Mzee wa Rangi, wewe kila wiki unalia kama umefiwa," akaniambia. "Si upige hizo kuta picha kabla hazijaisha?"

"Nikishapiga nipeleke wapi? Nifungie kwa sanduku?"

"Uweke kwa blogi."

"Hiyo ni ugonjwa gani tena?"

"Ni ukuta," akasema. "Ukuta wako mwenyewe. Hakuna mtu atakuja kupaka rangi juu yake."

Hapo akanishika.

Tulianza wakati wa kiangazi, kabla watu hawajapanda mahindi. Kila Jumamosi naenda na simu kupiga picha ya ukuta mmoja, na Jumatatu baada ya chakula cha mchana naketi kwa kaunta ya Mwalimu kuandika. Mara mbili za kwanza aliandika yeye. Lakini alikuwa anayavalisha maneno yangu tai. Mimi nasema "hii herufi ilinisumbua mgongo," yeye anaandika "kazi hii ilihitaji uvumilivu mkubwa." Nikamwambia toka, nitaandika mwenyewe. Kidole kimoja, masaa mawili, mistari kumi. Akawa anapita nyuma yangu na daftari za watoto wa watu akicheka kwa pua.

Na watu walisoma. Sikuamini. Watu wa Eldoret walio mbali. Mmoja aliandika kwamba yuko nchi ya baridi anauguza wazee, na alipoona picha ya ile posho mill alisikia harufu ya unga wa moto. Mwingine akasema kinyozi wangu mwenye masikio makubwa ni baba yake. Nilikuwa narudi nyumbani nimejaa kama gunia. Namwambia mke wangu, "Leo wameniita msanii." Anasema, "Msanii, lete kuni."

Sasa nije kwa ile ninayokwepa.

Wiki moja nilikosa ukuta mpya, nikaweka habari ya Timboroa. Tulipewa kazi ya hoteli huko, miaka mingi nyuma, mwezi wa baridi. Timboroa si mchezo, iko juu, msitu uko pale karibu, asubuhi unaona pumzi yako. Rangi iligoma. Ya mafuta, ikishikwa na baridi inakuwa nzito kama uji wa jana, brashi inaikokota badala ya kuipaka. Niliandika kwa blogi kwamba nilichukua mkebe nikauweka ndani ya sufuria ya maji moto kwa jiko la hoteli, rangi ikalegea, nikaandika bango zima nikishikilia mkebe kifuani ndani ya koti usipoe. Wasomaji walipenda sana. "Mzee una akili," waliandika.

Akili haikuwa yangu. Ilikuwa ya binti yangu. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa nishaanza kufunga vitu turudi nyumbani. Yeye ndiye aliingia jikoni, akawafanya wale mama wa hoteli wacheke mpaka wakampa sufuria, na yeye ndiye alisimama chini ya ngazi masaa manne na mkebe ndani ya sweta. Alirudi na alama nyekundu kifuani kama ameumwa na kitu. Kwa blogi sikumtaja. Niliandika "nilifanya," na kidole hakikutetemeka hata kidogo.

Huyu binti alikuja kibandani mwenyewe, bila kuitwa, baada ya form four. Alipewa jina la mama yangu, vile kwetu hufanya, na kwa sababu hiyo tangu azaliwe sikuwahi kumwita kwa jina. Nilimwita Mama. "Mama, leta tapentaini." "Mama, shika uzi." Watu wakipita kibandani walishangaa mzee anamwita msichana mama. Aliosha brashi mwaka wake bila kunung'unika. Herufi alijua baada ya miaka miwili. Lakini picha, hapo alinipita, na nilijua amenipita, na nilijua mapema. Mimi wanyama wangu wanasimama kama wamepigwa picha ya kitambulisho. Wake walikuwa na mahali wanakwenda.

Katikati ya mwaka nikaweka ng'ombe.

Hiyo ng'ombe iko Pioneer, kwa ukuta wa shule ya watoto wadogo. Ni ng'ombe mweusi na mweupe anakamuliwa, amegeuza shingo anakutazama, na pua yake ina maji. Si kwamba imechorwa maji. Ukisimama hapo unaona imelowa, kama ametoka kunywa sasa hivi. Watoto wamezoea kuigusa mpaka hapo chini pamechafuka. Nilipiga picha vizuri, ng'ombe na kona yote, na kwenye kona kuna jina langu na namba yangu. Nikaandika: "Hii ni kazi yangu ya Pioneer. Naipenda kuliko zote."

Siku mbili, Mwalimu alikuwa anapiga kelele kutoka dukani kwake. Watu hawajawahi kuandika hivyo. Wanatumiana ile picha. Mmoja akasema anataka kuja na mtoto wake kuona. "Mzee, huu mkono umebarikiwa." "Mzee, hiyo pua uliifanyaje?" Mimi najibu mmoja mmoja, kidole kimoja: Asante. Asante. Asante.

Siku ya tatu nimeketi, Mwalimu ananiangalia vibaya.

"Kuna moja hujajibu," akasema.

Ilikuwa chini kabisa. "Baba, hiyo ng'ombe ilichorwa na nani?"

Hakuna salamu. Hakuna matusi. Hilo tu, na jina lake la herufi sita.

Nilikuwa sijamsikia miaka tisa.

"Ni binti yako?" Mwalimu akauliza.

"Hii kitu inafutwa namna gani?"

"Mzee."

"Nimekuuliza inafutwa namna gani."

"Mimi sitakuonyesha," akasema, akaenda kuuza penseli.

Nilitafuta mwenyewe. Nilibonyeza hapa na pale mpaka simu ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndio. Likatoweka. Nilikunywa chai yangu ikiwa baridi na nikaenda nyumbani, na nilikuwa bado najiambia kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, hayastahili mbele ya watu.

Mtu wa kusoma hapa lazima ajue kilichotokea kwa huo ukuta, kwa hivyo nitasema, na sitajipendelea.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi na manyunyu kila siku. Kazi ilichukua siku nane. Juu ni jina la shule, hilo niliandika mimi. Ng'ombe alichora yeye, mwanzo mpaka mwisho. Siku ya kukabidhi niliondoka kidogo kurudisha ngazi ya kuazima, masaa mawili hivi. Niliporudi, mwenye shule alikuwa amesimama hapo na wazazi wanne watano, wanasifu. Na kwenye kona, rangi ya buluu, mstari umenyooka kabisa vile nilimfundisha, kulikuwa na jina lake.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Ni jina langu, Baba."

"Kibanda ni cha nani?"

"Kibanda ni chako. Ng'ombe ni yangu."

Mzazi mmoja, mwanaume wa tumbo, akacheka. "Mzee, umepata mpinzani! Na huyu anakushinda!"

Nimeshawahi kujiambia kwamba kama huyo mtu hangecheka, mambo yangekuwa mengine. Nilijiambia miaka mingi. Ni uongo. Mkono ulikuwa umeshaenda kwa mkebe kabla hajafunga mdomo. Nilichukua brashi pana, rangi ya udongo ile ya chini ya ukuta, nikapitisha mara mbili juu ya jina lake. Halafu hapo hapo, juu yake, nikaandika langu. Nilimaliza na namba ya simu na nukta.

Yeye aliinama chini. Aliokota brashi zote, yangu pia, akaziosha kwa tapentaini, akaziosha kwa sabuni, akazinyoosha nywele kwa vidole na kuzifunga kwa karatasi, vile unapaswa kufanya. Akaziweka kwa mfuko wangu. Akatoka kwa geti. Siku hiyo hiyo alienda Nakuru kwa shangazi yake, na huko ndiko alikaa.

Jioni mke wangu aliniuliza swali moja tu.

"Unajua umepaka rangi juu ya jina la nani?"

Nikasema la mtoto aliyekosa adabu.

"Ni la mama yako," akasema. "Yule wa shati mbili."

Nilimwambia anyamaze. Alinyamaza kuhusu hilo miaka tisa, na hiyo ni adhabu ambayo mwanamke akiijua anaijua.

Basi nimefuta lile swali lake kwa blogi, na nimerudi nyumbani, na mke wangu ameshajua. Kwa sababu wao huongea. Kila wiki huongea, mimi nikiwa nje nasikia kicheko kupitia dirishani, na nikiingia simu inawekwa kwa mfuko wa leso.

"Amesema umefuta," akaniambia akichambua sukuma.

"Yuko aje?"

Ilikuwa mara ya kwanza niulize. Kisu kilisimama kidogo.

"Anauza rangi. Kwa hardware."

"Anauza? Hachori?"

"Hachori."

"Tangu lini?"

"Tangu lini unafikiri?"

Nilienda kibandani nikaketi. Mtu aliye na ule mkono anafungua mkebe mbele ya mteja, anachovya kijiti kumwonyesha, anafunga kifuniko, anasema karibu tena. Miaka tisa. Mimi nilidhani amefungua kibanda chake huko Nakuru na anaandika kona zake kubwa kuliko zangu, kwa hasira, vile mimi nilifanya. Kusema kweli hilo ndilo lilikuwa limenifariji. Nilikuwa nafikiri nimemfanya vile nilifanywa, na mimi nilitoka nikiwa mtu.

Kuanzia hapo blogi yangu ilikuwa ya kutafuta kitu cha kusema. Ukiirudia utaona. Nikaweka mlango wa choo cha soko. Nikaweka mshale. Na kibandani nikaanza kuchora ng'ombe. Nilitaka kuona kama naweza. Nilichukua vipande vya plywood, nikachora wa kwanza, pua ikawa kama kiatu. Wa pili, kama bomba. Nilitia nyeupe kidogo juu ya nyeusi ikiwa mbichi, nikatia ikiwa imekauka, nikatia vanishi. Nilienda kwa jirani mwenye ng'ombe nikasimama namtazama pua mpaka jirani akauliza kama nataka kuoa. Nilifika ng'ombe saba. Wote wamesimama kibandani wameangalia mbele kama wanangoja kuitwa majina. Hakuna hata mmoja aliyekunywa maji. Nina zaidi ya miaka arobaini kwa hii kazi na sijui ile pua ilifanywaje.

Mvua zilipopungua niliamua jambo. Jina lake lilikuwa bado liko pale, si ndio? Chini ya langu. Mimi nimewahi kutoa bango la zamani chini ya bango jipya, duka moja la hapo town, mwenyewe akitaka jina la babu yake. Nililainisha ya juu kidogo kidogo na ya chini ikatoka nzima, kama jana. Nikasema nitafanya hivyo. Nitatoa langu mpaka nimfikie yeye. Nitapiga picha, nitaiweka kwa blogi, na hilo ndilo litakuwa jibu la lile swali.

Jumamosi nikaenda Pioneer kwa boda na pamba, tapentaini, msasa laini na chupa ya maji. Mwenye shule alinitokea na leso mabegani. Amezeeka, kama mimi.

"Mzee, unafanya nini kwa ukuta wangu?"

"Natoa jina langu."

"Kwani unahama?"

"Hapana. Nataka lililo chini."

Alinitazama. Alikuwa hapo siku ile, alikumbuka. Akaniletea kiti cha watoto, kile kifupi, nikakaa magoti yakiwa masikioni.

Nilianza na namba ya simu. Ikatoka vizuri. Nikaja kwa jina langu, herufi ya mwisho kurudi nyuma, nalowesha, nangoja, nasugua kwa mviringo. Chini yake ikaanza kuonekana ile rangi ya udongo. Mkono wangu bado ni mzuri, sitetemeki. Nikaingia kwa udongo pole pole kabisa, kama mtu anaosha jicho. Halafu nikageuza pamba kuangalia.

Pamba ilikuwa na buluu.

Nikasimamisha mkono. Nikajaribu mahali pengine, kwa maji na msasa peke yake, bila tapentaini. Buluu tena, imechanganyika na udongo, kitu kimoja. Hapo ndipo nilielewa, na mtu mwingine yeyote wa hii kazi angekuwa ameelewa kabla ya kupanda boda. Lile bango la babu lilikuwa limekauka miaka kabla ya kufunikwa. Ndiyo sababu lilitoka. Jina lake lilikuwa na masaa mawili, mwezi wa saba, kwa manyunyu. Lilikuwa bichi. Nilipitisha brashi pana juu ya rangi mbichi, mara mbili, na kwa nguvu. Zilishikana siku ile ile. Hakukuwa na jina chini. Hakujawahi kuwa na jina chini, miaka yote tisa. Kitu cha kwanza nilichofundishwa baada ya kuosha brashi ni usipake juu ya mbichi, kwa sababu ukishapaka hakuna kurudi. Nilimfundisha yeye maneno hayo hayo.

Niliendelea kusugua. Sijui kwa nini. Nilisugua mpaka plasta, mpaka kona ikawa nyeupe, mraba wa kiganja mbili. Mwenye shule alikuja na chai, akaona, akaweka kikombe chini na kurudi ndani.

Nilipiga picha ya hiyo kona. Jumatatu nilienda kwa Mwalimu nikaandika, na hii ndiyo niliandika, neno kwa neno: "Ng'ombe wa Pioneer sikumchora mimi. Alichorwa na binti yangu. Aliandika jina lake hapa na mimi nikalifuta mbele ya watu. Nimejaribu kulirudisha nimeshindwa. Ya Timboroa pia ilikuwa akili yake." Na nikaandika jina lake, herufi sita, peke yake kwa mstari wa mwisho, upande wa kulia. Mwalimu alisoma akisimama nyuma yangu. Hakucheka kwa pua. Alisema, "Hapo usiongeze kitu."

Watu walinipiga kwa maneno. "Mzee, umetudanganya mwaka mzima." "Tulikuwa tunakuheshimu." Yule wa kuuguza wazee hakuandika chochote, na huyo ndiye aliniuma. Sikufuta hata moja. Nilikuwa nangoja mmoja.

Ilikuja siku ya nne, na haikuja kwa blogi. Mke wangu alitoka nje na simu, akaninyooshea.

"Shika. Leo si mimi anataka."

Nilijipangusa mikono kwanza, kana kwamba ataona.

"Mama," nikasema.

"Baba. Shikamoo."

Hiyo salamu ya shule ilinikata. Sisi hatusalimianagi hivyo nyumbani.

"Nimeona," akasema.

"Kona iko wazi," nikasema. "Nimeiacha plasta. Kuja uandike. Nitakuja kukuchukua stendi. Nitakubebea mikebe, mimi. Nitakushikia ngazi."

Nilisikia watu nyuma yake, na sauti ya mkebe unawekwa juu ya mwingine.

"Mimi siandiki tena, Baba. Nauza."

"Mkono haupotei."

"Wangu ulipotea."

Mimi nikibanwa nauliza mambo ya kazi. "Ile pua," nikasema. "Uliifanyaje? Nimejaribu ng'ombe saba."

Nilisikia ameweka chini alichokuwa ameshika.

"Bado inang'aa?"

"Inang'aa. Watoto wanaigusa."

"Ungeniuliza siku ile," akasema, bila ukali, kama mtu anakwambia bei. "Siku ile ningekwambia. Nilikuwa nataka sana uniulize."

"Nakuuliza sasa."

"Najua." Halafu akasema, "Hiyo kona iwache hivyo. Usiandike kitu hapo, langu wala lako. Na hapo kwa blogi utoe jina langu."

"Mama, nimeliweka ndio watu wajue."

"Wewe ndio uliliweka, Baba. Mimi sikuliandika." Mtu alimwita, anataka rangi ya gloss, nyeupe, lita nne. "Nakuja!" akasema, si kwangu. Na kwangu akasema, "Msalimie Mama."

Nilirudisha simu kwa mke wangu. Akaingia ndani nayo.

Jumatatu nilifungua blogi kwa kaunta ya Mwalimu. Najua sasa namna ya kufuta, sihitaji kuonyeshwa. Nilienda mstari wa mwisho, upande wa kulia, nikarudisha nyuma herufi moja moja, kutoka mwisho mpaka mwanzo, kama nilivyotoa langu kwa ukuta. Sita. Nilipobonyeza kuhifadhi, simu ikaniuliza kama nina uhakika. Hii ni mara ya pili nalifuta kwa mkono wangu, ukiacha lile swali, na mara hii ni yeye ameniagiza, na nilikuwa nataka kukataa kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Nikabonyeza ndio.

Ndiyo maana hakuna jina la mtu hapa. Hata langu nimelitoa.

Mwenye shule wa Pioneer hupiga simu. Anasema wazazi wanauliza ni nini kilitokea hapo chini, panaonekana kama ugonjwa, si nije nipake hata rangi ya udongo tu, dakika tano. Namwambia bado. Anauliza bado mpaka lini, na mimi namwambia ukuta ni wake, ng'ombe si wake wala si wangu, na hiyo kona asiiguse.